Haraka Aliyosingiziwa Blagota

Kwa miaka thelathini na moja Stanija alitangaza mabasi katika kituo cha mji wetu, na katika miaka hiyo yote hakutokea abiria aliyeelewa tangazo lake hata moja. Alikuwa akibonyeza kitufe cha maikrofoni, na kabla hujafunga begi lako basi la saa nne la kwenda pwani lilikwisha kutajwa pamoja na vituo vyake vyote, jukwaa lake na onyo la kutovuta sigara, kwa pumzi moja. Watu walitazamana, kisha wakaenda kujipanga dirishani kwake kuuliza amesema nini. Naye aliwajibu kwa kasi ileile, tena akawafokea.

Huko kwenu pengine si kitu. Kwetu Montenegro ilikuwa kichekesho cha mji mzima, kwa sababu sisi ni watu wa polepole na tunajivunia. Mwanamume wa hapa ukimwuliza saa ngapi, hukohoa kwanza. Mtu anayesema haraka tunamwona hana uzito, na mwanamke anayesema haraka hatumsikilizi kabisa. Stanija alilijua hilo tangu utotoni na hakulijali. Alikuwa na mshahara wake, na nyumba ya chumba kimoja mjini. Tena alikuwa na kaka yake Blagota kijijini, ambaye kila Jumapili alimkaribisha kwa chakula cha mchana na kumsikiliza mpaka mwisho bila kumkata.

Blagota ndiye aliyekuwa mtu wa polepole kweli. Alikuwa akinyoa ndevu kwa nusu saa. Supu aliipuliza mpaka ikapoa ikabidi ipashwe tena, na mkewe Jagoda akanung'unika, naye akacheka. Kwa miaka ishirini na tisa alishika winchi katika machimbo ya mawe meupe juu ya kijiji, na kazi ya winchi haimtaki mtu wa pupa: unainua jiwe la tani kumi kwa waya wa chuma, kidogo kidogo, huku wenzako wako chini. Hakuna aliyewahi kuumia mikononi mwake.

Tarehe ishirini na moja ya mwezi wa tatu waya ulikatika, ukarudi nyuma, ukampiga. Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Kwetu mtu hazikwi bila hotuba. Wanawake wanamlia, padri anamsomea, kisha mwanamume mmoja wa ukoo anasimama kichwani pa kaburi na kusema marehemu alikuwa nani. Atakachosema hapo ndicho kitakachobaki. Hakuna anayejibu wala kusahihisha, na mtu akizikwa kwa sifa mbaya, wajukuu wake wataikuta. Katika ukoo wao msemaji alikuwa Radisav, mtoto wa baba yao mkubwa, karani mstaafu mwenye masharubu meupe na koti refu jeusi. Nusu ya makaburi ya kijiji ilikuwa imefungwa kwa sauti yake. Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kumsikia, kana kwamba marehemu ni kisingizio tu.

"Blagota, ndugu yangu," alisema siku hiyo, akanyamaza. Akaitazama milima. Watu mia tatu wakaitazama milima pamoja naye.

"Ulikuwa fundi hodari." Akanyamaza tena. "Ulikuwa mwana wa ukoo. Lakini ulikuwa na haraka. Haraka, Blagota, haina baraka. Jiwe halina haraka. Wewe ulikuwa nayo, nayo ndiyo iliyokutoa kwetu."

Watu wakainamisha vichwa. Wengine wakapangusa macho. Mzee mmoja akanong'ona, "Anajua kusema, huyu."

Anajua kusema! Ndivyo tulivyo sisi. Mtu akitupa uongo taratibu, kipande kwa kipande, na kimya katikati, tunaumeza wote na kumshukuru kwa utamu wake. Mimi nilikuwepo, na mimi pia niliinamisha kichwa, na mpaka leo naona aibu.

Stanija hakuinamisha. Alikuwa amesimama miongoni mwa wanawake, kitambaa cheusi kichwani, na damu ilimpanda. Siku mbili kabla ya hapo, alipokuwa akimsaidia Jagoda kusafisha jiko, alikuwa ameiona kalenda ya kanisa iliyoning'inia ukutani. Blagota alikuwa na desturi ya kuandika humo mambo yake kwa penseli: lini ng'ombe atazaa, lini kuni zimeletwa. Na mahali patatu aliandika: Waya umechakaa. Nimemwambia Miloje. Tarehe tisa ya mwezi wa pili, tarehe mbili ya mwezi wa tatu, tarehe kumi na saba ya mwezi huohuo. Miloje ndiye msimamizi wa winchi pale machimboni. Na Miloje ni mtoto wa Radisav.

Wahenga walisema mtoto akikunyea mkono huukati. Sawa. Lakini pia huupangusi kwa sanda ya binamu yako.

Basi Stanija akasukuma wanawake kando, akajitupa mbele ya kaburi, akafungua mdomo, na yote yakamtoka kwa mpigo: waya nyuzi kalenda Miloje mara tatu mwongo mkubwa wewe Radisav kaka yangu hakuwa na haraka maisha yake yote tarehe tisa tarehe mbili. Nasema hivi kwa sababu baadaye alinieleza mwenyewe. Pale kaburini hakuna aliyeshika hata neno. Ilisikika kelele ya mwanamke mwenye msiba. Jirani mmoja akamshika bega, mwingine akaleta maji yenye sukari. Na nyuma kabisa kijana mmoja wa wabeba jeneza akasema chini chini, "Basi la Podgorica hilo linaondoka," na wenzake wakauma midomo wasicheke.

Stanija alimsikia. Kati ya yote ya siku ile, hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alikuwa ameisema kweli mbele ya watu mia tatu na ukweli wenyewe ukageuka mzaha, na sababu haikuwa Radisav. Ilikuwa ulimi wake mwenyewe.

Baada ya wiki tatu ilikuja karatasi ya wenye machimbo. Iliandikwa kwamba ajali ilitokana na haraka ya marehemu, jambo ambalo hata ndugu zake walilikiri hadharani. Dukani wanawake walitikisa vichwa: "Maskini Blagota na haraka zake." Watu waliomfahamu miaka hamsini! Waliomwona akinywa kikombe kimoja cha kahawa tangu saa mbili mpaka saa nne! Jagoda akaacha kwenda dukani.

Stanija akaenda kwa Radisav. Alimkuta chini ya dari la mizabibu, na akakaribishwa kahawa kwa adabu zote.

"Kaka Radisav, umemzika kaka yangu kwa uongo," alianza, na hilo la kwanza lilitoka sawasawa. Baada ya hapo hasira ikashika usukani. Kalenda, waya, Miloje, karatasi, Jagoda, vyote vikaja kwa pamoja vikigombania mlango.

Radisav alimwacha amalize. Akakoroga kahawa yake.

"Sikukusikia, dada," alisema. "Rudia polepole."

Akarudia. Ikawa mbio zaidi ya mwanzo.

"Bado," alisema Radisav, na sasa alikuwa akitabasamu kwa upole, kama mtu anayemngoja mtoto afunge kamba za viatu. "Pole sana. Umechoka. Ya wafu hayafukuliwi."

"Nusu mwaka nitasema mimi!" Stanija alipiga meza. Kwetu, mtu akitimiza miezi sita kaburini, ukoo wote na wanaomfahamu hukusanyika tena kumkumbuka, na hapo mtu anaweza kusimama na kusema.

"Utasema? Mwanamke hatoi hotuba kaburini, na wewe unajua." Radisav akainua kikombe. "Ukitaka kumlia, mlie. Ni haki yako. Hakuna atakayekuzuia."

Stanija alirudi mjini, na kesho yake akatangaza mabasi saba kwa namna ambayo hata madereva hawakujua ni yapi. Lakini maneno yale yalimkaa: hakuna atakayekuzuia. Yalikuwa kweli. Mwanamke anayeomboleza kaburini hakatizwi na mtu, awe padri au mkuu wa ukoo. Anayemkata anajiletea laana, au angalau aibu, na hapa kwetu aibu ndiyo inayoogopwa zaidi. Bibi zetu walijua hilo vizuri. Katika mbolezi zao walikuwa wakitaja nani alimuua nani, na wanaume walisikiliza wakiangalia chini.

Mwombolezaji wa mwisho aliyebaki kijijini alikuwa shangazi yao Krstinja, mwenye miaka themanini na minne, meno matatu, na ulimi mkali kuliko hayo meno. Stanija alimfuata Jumapili iliyofuata.

"Shangazi, nifundishe kumlia Blagota."

"Umri huu? Lia nikusikie."

Stanija akaanza. Hakufika mbali.

"Nyamaza, nyamaza! Unafukuzwa na mbwa?" Krstinja aligonga sakafu kwa fimbo. "Hiyo si mbolezi. Hayo ni maharage yanamwagika guniani. Sasa nani ataokota?"

"Nina hasira, shangazi. Nikianza, siwezi kushika."

"Hasira! Unadhani mimi nilikuwa nalia kwa furaha? Niliwalia kaka zangu wawili waliokufa vitani, na aliyewauza alikuwa amesimama pale, kashika kofia. Nilikuwa na hasira ya kuuma jiwe. Nikasema mstari mmoja, nikanyamaza. Wanaume wanafikiri pale tunapumua. Tunapumua kitu gani! Pale nilikuwa namwangalia yeye. Nikangoja mstari ule umfike mpaka tumboni, ndipo nikampa wa pili."

"Na wakidhani nimesahau?"

"Waache wadhani. Wewe unaona aibu ya kunyamaza, ndiyo ugonjwa wako. Unafikiri ukifunga mdomo tu watakunyang'anya zamu. Kaburini hawakunyang'anyi. Kwa hiyo unamkimbia nani?"

Stanija alikuwa mtoto wa mwisho katika meza ya wanaume watano. Asiyesema haraka pale hakusema kabisa. Hilo hakumwambia shangazi yake, lakini mimi aliniambia, na aliniambia kwa hasira.

Kwa miezi mitano alikuwa akija kila Jumapili. Krstinja alimweka mbele ya tanuri na kumpa mstari mmoja, kisha alimkataza kutoa wa pili mpaka bibi mwenyewe amalize kumenya kiazi. Mwanzo Stanija alitaka kumrushia viazi hivyo. Akifika kwenye neno "waya" ulimi ulichomoka wenyewe, na fimbo ikagonga sakafu, na wakaanza upya. Siku moja walianza upya mara kumi na tisa. Krstinja akamfundisha kuweka vidole juu ya kitu kigumu na kukibonyeza kila anapofika mwisho wa mstari, na asivitoe mpaka vimepoa.

Kituoni alijaribu kwa mabasi. "Basi la saa nne," alisema kwenye maikrofoni, akabonyeza vidole mezani. "La kwenda pwani, mjini Bar." Akangoja. "Liko jukwaa la pili." Abiria wote waliinua vichwa. Hakuna aliyekuja dirishani. Badala yao alikuja dereva, kajaa wasiwasi.

"Stanija, unaumwa?"

"Nenda zako," alijibu Stanija, polepole.

Siku ya nusu mwaka ilifika, mwezi wa tisa, jua kali. Juu ya ukuta wa makaburi wanawake walitandika vitambaa na kupanga nyama kavu, jibini, mkate, na ngano iliyochemshwa kwa sukari. Chupa za rakija, pombe yetu kali ya matunda, zilikuwa kivulini. Watu walikuwa kama mia mbili. Wachimba mawe walisimama pamoja upande wa kushoto. Radisav alisimama kichwani pa kaburi na koti lake refu, na Miloje nyuma yake. Padri akamaliza kusoma. Radisav akakohoa, akajiweka sawa, akaitazama milima.

Ndipo Stanija akatoka kati ya wanawake, akaweka vidole vyake juu ya jiwe la kaburi.

"Nusu mwaka umelala, kaka yangu," aliimba.

Sauti haikuwa nzuri. Ilikuwa na mikwaruzo kama lango la zamani. Lakini kila mtu aliisikia mpaka ukutani. Radisav akafunga mdomo na kurudi hatua moja nyuma, kama desturi inavyotaka. Kwanza amlie, alidhani, kisha mimi.

Stanija akangoja. Kule nyuma yule kijana wa mzaha wa basi alikuwa tayari amemwinamia mwenzake. Kimya kikaendelea. Kijana akanyooka.

"Umeitwa wa haraka, kaka yangu."

Maneno yote yaliyobaki yalikuwa yamejaa mdomoni, yanasukumana. Alibonyeza jiwe mpaka kucha zikawa nyeupe.

"Ukutani kuna siku, kaka yangu."

Jagoda, aliyekuwa na kitambaa machoni, akakitoa. Chini ya koti lake alikuwa ameishika ile kalenda.

"Tisa ya mwezi wa pili, kaka yangu."

"Waya, nyuzi zimekwisha, kaka yangu."

Wachimba mawe wakatazamana. Stanija hakuwatazama wao. Alifanya kama alivyofundishwa: aliinua macho akamtazama mtu mmoja, moja kwa moja, na akakaa hapo.

"Ulimwambia Miloje. Kaka yangu."

Radisav akachukua hatua mbele. "Stanija, hii si—"

Fimbo ya Krstinja iligonga ukuta wa mawe. "Mwanamke analia!" alisema bibi yule. "Tangu lini ukoo huu unakata maombolezo?"

Watu wakamgeukia Radisav kwa mshangao wa kweli. Kumkata mwanamke kaburini! Yeye, Radisav! Akarudi nyuma, na uso wake ukawa mwekundu kuanzia shingoni.

"Mbili ya mwezi wa tatu, kaka yangu. Ulimwambia Miloje, kaka yangu."

Kila mara alingoja. Wakati mmoja alingoja muda mrefu hivi kwamba nilisikia nyigu juu ya ngano. Miezi sita kabla alikuwa ameyasema haya haya, neno kwa neno, na tulimpa maji ya sukari. Sasa hakukuwa na mahali pa kukimbilia kati ya neno na neno. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Tunausema msemo huo kila siku bila kuujua uzito wake.

"Kumi na saba ya tatu, kaka yangu. Ulimwambia Miloje, kaka yangu."

Miloje aliangalia viatu vyake.

"Ulikwenda wapi mbio?" aliimba Stanija, na hapa sauti ikashuka, karibu ya kuongea. "Kaka yangu, ulikwenda wapi mbio?"

Hakusema zaidi. Aliuacha mdomo wake umefungwa na vidole vyake juu ya jiwe. Hakulia. Alikuwa na hasira kuliko siku ya mazishi, aliniambia baadaye, hasira iliyotimia, na hata tone moja halikumwagika.

Aliyejibu alikuwa Tadija, aliyefanya kazi na Blagota miaka ishirini. Alivua kofia.

"Hakwenda mbio," alisema. "Mimi nilikuwa mita kumi. Alikuwa amesimama. Alisema hainui tena mpaka waya mpya uje. Akaambiwa inua, au nenda nyumbani." Akamtazama Jagoda. "Sikusema. Na waya wa sasa ni uleule, umeungwa."

Jagoda akatoa kalenda akaiweka juu ya kitambaa, kati ya mkate na jibini. Watu walianza kuijia mmoja mmoja, wanaisoma, wanasogea kando. Wanaume waliokuwa wamesimama karibu na Miloje waligundua kwamba wanahitaji kusimama mahali pengine.

Radisav aliona ukoo wake ukimtoka mikononi. Akainua mkono. Akafungua mdomo, na mtu huyo aliyezika nusu ya kijiji kwa sauti ya taratibu akaanza kubwabwaja: kwamba yeye hakujua mtoto hakumwambia kalenda si ushahidi waya si kazi ya msimamizi peke yake kuna ofisi kuna taratibu na hata hivyo siku ya mazishi alimaanisha haraka kwa maana nyingine kabisa maana ya kiroho.

Aliishiwa pumzi.

Stanija alitoa vidole vyake juu ya jiwe. Vilikuwa vimepoa.

"Sikukusikia, kaka Radisav," alisema. "Rudia polepole."